Bayodizeli katika Injini za Dizeli: Nguvu, Moshi na Kesi ya Filta

Mada kwa semina ya mafundi na wasimamizi wa magari, Kiyovu, Kigali



1. Utangulizi
Fasili mnazijua. Bayodizeli hutokana na mafuta ya mimea au wanyama yaliyotenganishwa na gliserini kwa msaada wa alkoholi. B20 ina asilimia 20 ya bayodizeli. Iliyobaki ni dizeli. Kwetu si jambo geni: taasisi ya utafiti ya IRST ilikwisha kuijaribu kwenye mabasi kabla ya taasisi ya NIRDA kuirithi kazi yake.

2. Nguvu na moshi
Lita ya bayodizeli tupu ina nishati pungufu kuliko lita ya dizeli kwa takriban asilimia 8. Kwenye B20 upungufu ni asilimia 1 hadi 2. Dereva anayepanda kutoka Nyabugogo kuja huku mjini hausikii. Tathmini ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ya mwaka 2002 ilionyesha B20 ikipunguza masizi kwa takriban asilimia 10 na kaboni monoksidi kwa 11, huku oksidi za nitrojeni zikipanda kwa 2.

3. Kesi ya filta
Hapa naomba mnivumilie. Nasema kama fundi, si kwa niaba ya ofisi yangu.

Bayodizeli huyeyusha uchafu ulioganda tangini na kuusukuma hadi kwenye filta. Gari linakosa nguvu mlimani, linakatakata, kisha fundi anatoa hukumu: "Mafuta mabaya." Niliwahi kuipasua filta ya basi dogo moja juu ya gazeti. Karatasi yake ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Chini kulikuwa na maji na uteute wa kahawia unaovutika. Mwenye gari alikuwa amekataa kuosha tangi, asipoteze hesabu ya siku. Akarudia dizeli tupu. Baada ya wiki tatu, filta ikaziba tena.

Sisemi bayodizeli haina dosari. Ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16, na usiku wa Musanze hushuka chini ya hapo. Sili za mpira wa zamani nazo huvimba. Lakini kesi nyingi nilizozipokea zilianzia tangini.

4. Mapendekezo
(a) Tangi lioshwe kabla ya kuanza kutumia mchanganyiko.
(b) Filta ibadilishwe mapema baada ya matangi ya mwanzo ya mchanganyiko.
(c) Maji yatolewe chini ya tangi kila wiki, hasa msimu wa mvua.
(d) Vituo vya mafuta navyo vikague matangi yao ya ardhini.
(e) Sehemu za baridi zisipelekewe bayodizeli ya mawese bila kupimwa.
(f) Sili za zamani zibadilishwe.
(g) Fundi asilaumu mafuta kabla ya kupasua filta.
(h) Tangi lioshwe. Narudia kwa makusudi.

Tukikutana tena, kila mwenye gari aje na tarehe aliyoosha tangi lake. Asiye nayo, asije na lawama.