Mkaguzi Hasemi Nani Kamwambia

Ndugu zetu, leo tuzungumze juu ya mkaguzi wa usalama kazini. Wengi wetu tumefanya kazi kwenye mkonge. Tunaijua mashine ya korona. Ikishika mkono haiulizi mwenyewe ana watoto wangapi. Tunalijua pia vumbi la chumba cha brashi. Lakini akija mgeni kuuliza habari hizo, sote kimya! Tunaogopa meneja atajua nani kasema.

Basi sikilizeni. Mwaka 1947 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba Namba 81 juu ya ukaguzi wa kazi. Tanganyika iliukubali mwaka 1962. Mkataba unasema mkaguzi mwenye kitambulisho anaweza kuingia kiwandani mchana au usiku, bila kutoa taarifa kwanza. Anaweza kumhoji mfanyakazi peke yake, meneja hayupo. Anaweza kutaka vitabu vya kazi, akanakili. Anaweza pia kuchukua dawa kidogo ikapimwe, ila hapo mwenye kazi ajulishwe.

Sasa ile hofu yetu. Mkataba unamkataza mkaguzi kumtaja aliyepeleka malalamiko. Tena unamkataza hata kumdokeza meneja kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Hili la pili ndilo kubwa. Shambani tunajuana. Akisema tu "kuna mtu kalalamika", kabla ya jua kuzama jina limekwisha patikana.

Mwenye mali naye analindwa. Siri za biashara yake na namna anavyotengeneza vitu vyake, mkaguzi hazitoi nje, hata akiisha acha kazi. Ni haki. Bila hivyo nani atamfungulia vitabu?

Tanzania Bara kazi hii inafanywa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Sheria yake ni Namba 5 ya mwaka 2003.

Lakini jamani, sheria inamfunga mkaguzi, haimfungi jirani yako wa kilabuni. Ukiisha sema, usiende kujisifu huko.

Mkaguzi akija, mwombe kitambulisho kwanza. Kisha usimwambie tu "mashine mbaya". Mwambie ni mashine ipi, kinga yake ilitoka lini, na nani aliumia. Kama unaogopa kusema mbele ya msimamizi, mwambie mkazungumze pembeni.