Namba Zangu Mwenyewe
(Hotuba kwa Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)

Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, lakini nitaanza na presha yangu.

Tangu 2020 nilikuwa nikijipima shinikizo la damu asubuhi na jioni, na kila kipimo nikikiingiza katika programu ya simu. Mwaka 2024 daktari akataka kuviona vipimo vyote, kwa namba na tarehe, apate kujua dawa ilianza kushindwa lini. Programu ikanipa picha ya mstari unaopanda na kushuka, ya siku 30 tu. Nikawaandikia wenyewe mara mbili. Kimya. Nimejipima kwa mkono wangu, na sasa navitazama vipimo vyangu kama mtoto atazamaye maandazi ndani ya kabati la kioo.

Mpwa wangu, kijana wa shule hii hii, akaniambia, "Mjomba, hiyo programu ina tovuti pia. Tuifungue kwenye kompyuta."

Wazee mnalikumbuka dirisha la stoo. Hukuingia ndani, ulipeleka kikaratasi chenye sahihi ya mwalimu wa zamu, na mtunza stoo akakuletea sabuni. Programu ya simu nayo ndivyo ifanyavyo. Hupeleka ombi kwa seva pamoja na tokeni, yaani kikaratasi ulichopewa ulipoingiza neno lako la siri, na seva hujibu. Njia hiyo ya programu kuombana habari wataalamu huiita API. Kampuni nyingine huitangaza rasmi. Hawa hawakuitangaza, ilikuwa yao ya ndani. Lakini ukibonyeza F12 katika kivinjari, ukafungua sehemu ya mawasiliano ya mtandao, unaona kila ombi litokalo na kila jibu liingialo. Tukaviona vipimo vyangu, si picha bali namba, na ndani ya ombi tarehe mbili: ya kuanzia na ya kuishia. Mpwa wangu akaandika programu fupi ya Python iliyoanzia 2020. Tuliomba mwezi mmoja mmoja, kwa mapumziko, maana seva ikiombwa kwa pupa huweza kujibu 429, yaani umezidisha.

Tulikuta pia programu iliyokwisha kuandikwa na mtu tusiyemjua, nayo ikitaka neno langu la siri. Tuliiacha. Tokeni huisha muda wake, bali neno la siri ni ufunguo wa nyumba.

Sasa vijana nisikilizeni. Katika anwani ya ombi lile mlikuwa na namba ya akaunti yangu. Mpwa wangu akasema, "Tukiongeza moja hapa, tutaona presha ya nani?" Nakiri, mkono uliniwasha. Seva iliyojengwa vizuri ingekataa, kwa kuwa tokeni ni yangu na akaunti si yangu. Lakini seva kutokagua jambo hilo ndilo kosa lililoongoza orodha ya OWASP ya hatari za API mwaka 2019, na tena 2023. Huenda mlango ungefunguka. Nikamwambia aondoe mkono, tukanywe chai. Mgonjwa yule hakunituma, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Kukuta mlango wazi si ruhusa.

Hata kwa vipimo vyangu sikuwa msafi kabisa. Masharti niliyoyakubali bila kuyasoma (nani huyasoma?) yalikataza kuchota habari kwa programu, na wangeweza kuifunga akaunti yangu. Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, impayo mtu haki ya kuomba taarifa zake kwa anayezishika. Ningaliijua mapema, barua yangu ya pili ingalikuwa na meno.

Daktari alizipitia namba zile kwa kalamu, akazungushia Machi 2023: ndipo presha ilipoanza kupanda. Wiki chache baadaye tovuti ilibadilishwa, na programu ya mpwa wangu ikawa inarudishiwa 401 tu, yaani hutambuliwi. Siku hizi kila kipimo nakiandika katika daftari pia. Mpwa wangu yupo pale nyuma; mwenye swali juu ya Python amwulize yeye.