Kujifungua Bila Dawa ya Maumivu: Maandalizi Tunayowanyima Wazazi



Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilipangwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi yenye vitanda sita na pazia moja lililochanika. Kitanda cha tatu alilala binti wa miaka 19, uzazi wake wa kwanza, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mama yake mzazi alikuwa nje ya geti, amekalia beseni alilolipindua, na khanga za mjukuu mapajani. Kila uchungu ulipopanda binti alimwita mama yake kwa sauti. Niliinama nikamwambia anyamaze, kwamba kelele hazileti mtoto. Hakuita tena. Alijifungua salama karibu na adhana, bila dawa yoyote ya maumivu, kwa sababu haikuwepo, na katika kitabu cha wodi nikaandika: amejifungua kawaida.

Neno hilo, kawaida, ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Kule Ulaya na Marekani, kujifungua bila dawa ni jambo ambalo mwanamke huchagua. Dawa ilitangulia. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi etha, kisha klorofomu, na mwaka 1853 Malkia Victoria mwenyewe akaivuta alipomzaa Leopold. Ilipozoeleka ndipo wengine walipouliza kama mwanamke aliyeandaliwa vizuri angeweza kuiacha. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika kuhusu hilo mwaka 1933. Mfaransa Fernand Lamaze alikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka 1951, akarudi Paris na mafunzo ya kupumua na kulegeza mwili. Leo wanawake wao hujifunza kwa majuma mengi kabla ya siku yenyewe, na siku hiyo huingia leba wakijua kwamba sindano ya ganzi ya mgongoni ipo chumba cha pili.

Kwetu hakuna aliyechagua. Wanawake wengi wa Tanzania hujifungua bila dawa ya maumivu, na wengi hawajawahi kuelezwa na mtu yeyote uchungu unavyokwenda. Kumkosesha mtu dawa, kisha kumsifu kwa kujifungua kwa njia ya asili, ni kumdhulumu mara mbili. Tena tunayo methali tayari mdomoni: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni methali ya mapenzi, lakini nimeisikia wodini ikitumika kumfunga mwanamke kinywa.

Dick-Read alisema hofu hukaza mwili, mwili uliokazwa huumia zaidi, na maumivu hayo huleta hofu mpya. Sehemu kubwa ya hayo tunaiona kila siku. Mwanamke akiogopa, mwili humwaga adrenalini, na adrenalini huvuruga kazi ya oxitosini, homoni inayokaza mji wa mimba. Uchungu unaweza kufifia muda mfupi tu baada ya mwanamke kuvuka mlango wetu na kukaripiwa. Lakini hatumkubali Dick-Read mpaka mwisho. Uchungu upo hata pasipo hofu. Ni msuli mkubwa unaovuta mlango wa kizazi mpaka ufunguke sentimita 10, na sitamwambia mwanamke yeyote kwamba akitulia hatasikia kitu. Akiambiwa hivyo, atajiona ameshindwa pale atakapoumia.

La kwanza la kumfundisha ni muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unahesabu uchungu uliochanganya kuanzia sentimita 5, na kuanzia hapo mwenye uzazi wa kwanza anaweza kwenda hadi saa 12. Wengi wetu humpokea mwanamke njia ikiwa sentimita 2, tukampandisha kitandani, tukaanza kumhesabia saa, na jioni tukamwambia amechelewa. Amechelewa wapi? Kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Lakini hata hizo saa 12 zinapotosha. Hakuna mwanamke anayeumia saa 12 mfululizo. Uchungu hupanda, hufika kileleni, hushuka, kwa kadiri ya dakika moja, halafu kuna pumziko. Aliyeandaliwa hushughulika na dakika iliyopo tu. Hutoa pumzi polepole kwa mdomo kama anayepuliza moto wa mkaa, hulegeza taya na mabega, kisha pumziko linapokuja hulitumia: hunywa maji, hufumba macho, huenda kukojoa. Asiyeandaliwa hutumia pumziko lote kuogopa uchungu unaofuata.

Kupumua huku hakujifunzwi leba. Hufanyiwa mazoezi nyumbani kuanzia mwezi wa saba wa ujauzito, pamoja na kutembea, kuchuchumaa, na kukaa kwa magoti na mikono kama anayedeki sakafu.

Naam, kuchuchumaa. Kulala chali hakukuletwa na maumbile. Kitabu cha Mfaransa François Mauriceau cha mwaka 1668 kilichangia sana kuwalaza wazazi wa Ulaya kitandani, na desturi hiyo ikatufikia pamoja na hospitali. Wengi wa bibi zetu walichuchumaa au kupiga magoti, wameshika nguzo ya nyumba. Uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane wa mwaka 2013 ulikuta kwamba wanawake waliotembea au kukaa wima katika hatua ya kwanza waliimaliza mapema kwa kadiri ya saa 1 na dakika 22. Sisi tuna wodi ambamo mwanamke akisimama anaulizwa anakwenda wapi.

Chakula pia. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unamruhusu mzazi asiye na hatari maalumu kula na kunywa. Wanaosoma Sura ya Maryam wanajua kwamba naye, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, aliambiwa ale tende na anywe maji. Chupa ya uji mwembamba na tende chache ziingie kwenye kapu pamoja na khanga.

Lakini ningeruhusiwa kuomba kitu kimoja tu, ningemwomba yule mama aliyekalia beseni. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017, wenye tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000, ulikuta kwamba mzazi mwenye mtu wa kuwa naye mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, huhitaji dawa za maumivu kwa nadra zaidi, na uchungu wake huwa mfupi. Tunasema wodi zetu hazina faragha. Ni kweli, na kitambaa cha pazia kinauzwa kila soko. Mkoani Kigoma wasindikizaji waliruhusiwa leba katika vituo kadhaa, na kazi ikaendelea. Msindikizaji naye aandaliwe: kukandamiza kiuno kwa kiganja uchungu unapopanda, kumfuta jasho, kuhesabu naye pumzi, kutomletea habari za shangazi aliyefia leba. Pwani kazi hii ilikuwa na mwenyewe, somo au kungwi. Tulipowaleta wanawake hospitali, yeye tulimwacha getini.

Naomba nisieleweke vibaya. Bila dawa ya maumivu haina maana ya bila mkunga. Yuniti 10 za oxitosini mara tu mtoto anapozaliwa ni za kuzuia damu, na kila mzazi anazihitaji, hata yule aliyepumua vizuri kuliko wote. Mitishamba ya kuongeza uchungu ni hatari: hakuna anayejua kipimo chake, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Na mwanamke anayesema, dada nisaidie, nimefika mwisho, hajashindwa mtihani wowote. Hospitali inayostahili jina hilo iwe na cha kumpa.

Wanawake wametuitikia. Kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16, uzazi uliofanyika katika vituo vya afya ulikuwa asilimia 63, na mwaka 2022 ulifika asilimia 81. Wamepanda bodaboda usiku, wamevuka mito, wamefika. Kiswahili kinasema mwanamke hujifungua. Tendo ni lake mwenyewe. Sisi wodini tunasema tumemzalisha, na nadhani kosa letu lilianzia hapo.

Wanafunzi wangu mnaoanza zamu za leba Jumatatu: kabla hamjavaa glovu, mwulizeni mzazi jina lake, na mwulizeni amekuja na nani. Kisha nendeni getini mkamwite.