Kocha wa Chuo na Vijana Wake wa Theluji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze juu ya maisha ya kazi, bila shaka alitazamia kwamba nitasimulia habari za mafaili na vikao. Nimeona niwapumzishe. Nitazungumza juu ya kazi ambayo hapana mmoja wetu humu ndani aliyepata kuifanya, wala hataifanya: kazi ya kocha wa chuo kikuu anayefundisha vijana kushindana kuteremka milima ya theluji. Theluji tunayoijua sisi ni ile ya Kibo, nayo tunaitazama kwa mbali.

Hata hivyo vyuo vya Marekani si vigeni kwetu kabisa. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Kule michezo ya vyuo ina chama chake kikubwa, kijulikanacho kwa herufi NCAA, na kocha wa chuo ni mtu wa mshahara na wa heshima. Chama hicho hicho ndicho kinachosimamia mashindano ya vyuo ya kuteleza kwenye theluji, nayo yalianza mwaka 1954.

Ninayetaka mmjue ni Bob Beattie. Alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la New Hampshire, akasoma Chuo cha Middlebury, akamaliza mwaka 1955 na kubaki hapo hapo akifundisha timu. Mwaka 1957 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne tu, na jirani yake alikuwa jabali: Chuo Kikuu cha Denver, kilichokuwa kimetwaa ubingwa wa vyuo mara nne mfululizo, tangu 1954 hadi 1957. Kocha wa Denver, Willy Schaeffler, mzaliwa wa Ujerumani, alipenda kuwachukua vijana wa Norway, ambao hujifunza kuteleza karibu pamoja na kutembea. Beattie akaamua kujenga timu yake kwa vijana wa Marekani. Mwaka 1959 Colorado wakawa mabingwa, na 1960 wakarudia. (Wale watakaosema kwamba kuchukua wageni ni hila, wakumbuke kwamba El Paso walituchukua sisi, nasi tukashangilia.)

Mwaka 1961 akapewa timu ya taifa. Hapa ndipo penye jambo. Hadi siku hizo timu ya Marekani ilikuwa mkusanyiko wa dharura. Michezo ya Olimpiki ikikaribia vijana huitwa kutoka huku na huko, wakifika Ulaya hukutana na Waaustria na Wafaransa waliolelewa pamoja kwa miaka. Wanawake wa Marekani walikuwa wamepata medali tangu 1948. Mwanamume hata mmoja hakuwa amepata. Beattie hakuanza kwa kutafuta kijana mwenye kipaji zaidi. Aliwatafutia vijana mahali pa kukaa. Aliwahamishia Boulder, wakaandikishwa chuoni, wakawa wanasoma vitabu vyao na kufanya mazoezi pamoja chini ya jicho lake. Mazoezi yenyewe yalikuwa makali, ya kukimbia na kujenga misuli kabla theluji haijaanguka. Walimlalamikia sana kwa ukali wake, na sidhani kama walikosea wote.

Mwaka 1964 michezo ilikuwa Innsbruck, Austria. Majira yale theluji iliwapiga chenga wenyeji, hata askari wakatumwa kuibeba kutoka juu milimani. Beattie alikwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba vijana wake watapata medali. Ni neno la hatari kwa kocha. Mbio za kuteremka moja kwa moja zikapita, hakuna kitu. Slalomu kubwa ikapita, hakuna kitu. Likabaki shindano moja la wanaume, slalomu, tarehe 8 Februari.

Kwa faida ya wanafunzi: katika slalomu mtu hufunga mbao mbili nyembamba miguuni, akateremka akipinda huku na huku katikati ya vijiti vilivyosimikwa mlimani. Akiruka lango moja, ametoka. Hushuka mara mbili, njia mbili tofauti, na muda hujumlishwa. Siku ile wa kwanza alikuwa Pepi Stiegler wa Austria. Wa pili, nyuma yake kwa sehemu 14 za mia za sekunde moja, alikuwa Billy Kidd. Wa tatu, Jimmie Heuga. Wote wawili wa Beattie, wote wawili wenye umri wa miaka ishirini. Hizo ndizo medali za kwanza za wanaume wa Marekani katika mbio za milimani.

Aliyekuwa tegemeo kubwa, Buddy Werner, alikuwa wa nane. Huyu ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba Mmarekani anaweza kumshinda mtu wa Ulaya, na michezo ya 1960 ilimpita kwa sababu ya mguu uliovunjika. Miezi miwili baada ya Innsbruck, mwezi Aprili, alifukiwa na maporomoko ya theluji huko Uswisi alipokuwa katika kupiga filamu. Alikuwa na miaka 28.

Beattie aliendelea. Mwaka 1966 yeye, kocha wa Ufaransa Honoré Bonnet na mwandishi wa habari Serge Lang walibuni Kombe la Dunia la mchezo huo, ili bingwa apatikane kwa pointi za msimu mzima badala ya bahati ya siku moja. Lilianza Januari 1967 na lipo hadi leo. Lakini mwaka 1968, Grenoble, vijana wake walirudi mikono mitupu, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Mwaka 1970 usukani wa timu ukaja kukabidhiwa nani? Schaeffler, yule yule wa Denver. Na mwaka huo huo Kidd akawa Mmarekani wa kwanza wa kiume kutwaa ubingwa wa dunia katika mbio za milimani, kocha aliyemlea akiwa hayumo tena kwenye timu. Beattie mwenyewe alianzisha mashindano ya kulipwa, akatangaza michezo katika televisheni, akafariki mwaka 2018 akiwa na miaka 85.

Kidd alimaliza shahada yake ya uchumi pale Colorado. Heuga alishikwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu akiwa bado kijana. Madaktari wa siku hizo waliwaambia wagonjwa wa namna yake wapumzike. Yeye akarudia mazoezi kwa kipimo alichokiweza, na mwaka 1984 akafungua kituo cha kuwafundisha wengine kuishi hivyo.

Sasa, wazee wenzangu, mnajua kwamba mchana huu tutapiga kura. Kamati imeleta maombi mawili na fedha zinatosha moja: kabati la vioo la kuwekea vikombe pale ukumbini, au posho ya mwalimu wa michezo pamoja na uji wa jioni kwa watoto wanaobaki uwanjani. Kabati litapendeza, sikatai, na majina ya baadhi yetu yatasomeka humo. Lakini mtoto anayetembea kilomita sita kurudi nyumbani habaki mazoezini na njaa, hata awe na miguu ya Nyambui. Nimeuliza bei ya unga na sukari kwa muhula mmoja, nikamkabidhi Mweka Hazina hesabu hiyo. Kama kuna aliyepata bei nafuu zaidi, ampe kabla ya kura. Mimi nitapigia uji.

Ndugu Mwenyekiti, naona wanafunzi wawili wameinua mikono tangu nilipotaja mbao za miguuni. Naomba wapewe nafasi kwanza.