Mali Bila Daftari: Vitabu vya Vita Vinavyofaa Kusomwa



Tumeombwa tutaje vitabu vya vita tuvipendavyo, na sababu za kuvipenda. Huenda mtu akauliza: makarani wana nini na vita? Jibu letu ni kwamba vita vikiisha, bunduki hurudishwa ghalani na majemadari huenda makwao, na kinachobaki ni karatasi. Aliyeandikwa hukumbukwa, na asiyeandikwa husahauliwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona ya kuwa hata watu hupotea vivyo hivyo. Kwa hiyo kila kitabu tutakachokitaja tutakiuliza swali moja: ni nani waliohesabiwa humu, na ni nani walioachwa?

Tuanze nyumbani. Vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889, ambavyo Abushiri bin Salim alipigana na Wajeremani hata akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, vimesimuliwa na Hemedi bin Abdallah el Buhriy katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mtunzi aliishi zama zile zile, akaandika kwa hati za Kiarabu. Na mwaka 1955 utenzi ukapigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Twaupenda kwa kuwa humo vita vyatazamwa na mtu aliyesimama pwani akaziona merikebu zikija, wala si na mtu aliyekuwa ndani ya merikebu akaiona pwani. Lugha yake ina maneno ya kale, basi asomaye beti chache kila jioni atafaidi kuliko mwenye haraka.

Kitabu cha pili ni cha mshindani. Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza askari wa Kijeremani katika Afrika Mashariki tangu 1914 hata 1918, aliandika kumbukumbu zake, nazo zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1920 kwa jina la My Reminiscences of East Africa. Humo msomaji ataona jinsi Waingereza walivyoshindwa Tanga mwezi wa Novemba 1914, vita vikali vya Mahiwa vya Oktoba 1917, kuvuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, na mwisho kuweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ni kitabu cha mtu ajuaye kazi yake, na askari wake Waafrika amewasifu sana. Lakini jemadari hutazama ramani, na mpagazi huonekana kwa mbali. Hata siku ile ya kuweka silaha, wapagazi waliokuwa naye walizidi askari kwa hesabu.

Ndiyo maana hatumpendekezei mtu kitabu hicho peke yake. Akisome pamoja na The Carrier Corps cha Geoffrey Hodges, kilichotoka mwaka 1986, kinachoeleza habari za wapagazi wa upande wa Waingereza. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa haba, na wakati wa mvua magari yalizama katika tope. Basi kila risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Fanyeni hesabu kidogo, kama tufanyavyo kazini. Tuseme mpagazi amechukua ratili 50 za unga, naye mwenyewe hula ratili 2 kila siku: siku ya 25 mzigo umekwisha, na askari aliye mbele hajapata hata konzi moja. Kwa hiyo wapagazi walihitajiwa wengine wa kuwalisha wapagazi, na nchi nzima ikachotwa watu.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi, na chakula ambacho hawakukizoea wala hakikupikwa kikaiva. Kumbukumbu za serikali ya Kiingereza zenyewe zaonyesha vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria hukadiria ya kuwa hesabu ya kweli yakaribia 100,000. Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwa watu katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Na tuendapo huko kununua mchicha, wachache wetu hukumbuka asili yake.

Mwaka 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilitoa ripoti yake, ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika, na watu wa Mashariki ya Kati. Si kwamba majina yote yalikosekana. Wakubwa wengine wa siku zile waliona si lazima. Wanachama wenzetu, neno hilo litukae moyoni. Mtu alikufa mara moja porini, akafa mara ya pili katika ofisi.

Sasa Vita Vikuu vya Pili. Mwenzetu katika kazi, marehemu Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa Forodha mjini Pangani, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Ulipigwa chapa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Hakuwa askari, lakini alivifuata vita vya dunia nzima akavitia katika Kiswahili safi. Msomaji aliyezoea kudhani ya kuwa mambo makubwa ya dunia hayasemeki ila kwa Kiingereza na asome utenzi huu.

Kwa habari za Burma, Gerald Hanley aliandika Monsoon Victory, kilichotoka 1946, juu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944. Twakipendekeza, ila kisomwe pamoja na maneno ya askari wenyewe. Robert Kakembo wa Uganda alitoa kijitabu An African Soldier Speaks mwaka 1946, akiwaeleza watawala ya kuwa askari arudiye si yule aliyeondoka. Naye Waruhiu Itote wa Kenya, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jenerali China, alisimulia katika "Mau Mau" General cha mwaka 1967 jinsi alivyokuwa Burma akiulizwa na askari wa mataifa mengine: wewe Mwafrika wapigania nini hasa? Hakuwa na jibu la kumtosha, na swali hilo alirudi nalo nyumbani. Hapo msomaji ataelewa kwa nini miaka iliyofuata ilikuwa kama ilivyokuwa.

Shauri letu, basi, ni hili. Chama kinunue nakala za vitabu hivi, na wanaosoma Kiingereza wawasimulie wasiokisoma. Askari wa Burma karibu wote wamekwisha kufa, na wapagazi wa 1914 hayupo hata mmoja. Lakini katika masanduku ya nyumba zetu kuna vitabu vya mshahara, nishani, barua, na hati za kuachishwa jeshi, na mchwa hawana heshima. Aliye navyo aandike jina kamili la mzee wake, namba yake, kikosi chake, kijiji alikotoka, mahali alikopelekwa, na kama alirudi. Asiye na karatasi aandike alilosikia, na ataje alilisikia kwa nani.

Tungependa majina ya kwanza yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Karatasi zitanakiliwa, kisha zitarudishwa kwa wenyewe.