Shule za Kwale: Ni za Nani, na Nani Azilipie?

Maelezo yaliyotolewa mjini Ukunda na wakili mmoja mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa ya pwani ya kusini



Mmeniomba nizungumze juu ya shule za umma hapa Kwale: zinatawaliwa na nani, zinalipiwa na nani, na kwa nini matunda yake ni haba kuliko jasho la wazazi. Nitasema kama wakili, yaani kwa kutaja sheria, na nitajizuia nisihubiri, maana wenye kazi hiyo wamekaa safu ya mbele.

Paa la darasa likiezuliwa na upepo kule Kinondo au Vanga, wazazi humwendea mwakilishi wa wadi. Mwakilishi huwaambia kwamba shule ya msingi si kazi ya kaunti. Huenda kwa mbunge, naye huwaambia wangoje mwaka mwingine wa fedha. Huenda ofisi ya elimu, nako huambiwa kwamba maombi yamepelekwa Nairobi. Mvua hunyesha. Watu hawa hawakudanganywa, kwa kuwa kila mmoja aliyewajibu alisema neno la kweli kwa kadiri ya upande wake. Tatizo ni kwamba mamlaka juu ya shule yamegawanywa katika mikono mingi, na mwananchi asiyejua mkono upi umeshika nini huzungushwa mpaka anachoka.

Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inasema wazi. Serikali ya taifa ina sera ya elimu, mitaala, mitihani, vyuo vikuu, shule za msingi, shule za sekondari na elimu maalum. Kaunti ina elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Walimu wa shule za msingi na sekondari huajiriwa, huhamishwa na huadhibiwa na TSC, tume inayosimama kwa Kifungu cha 237. Kwa hiyo gavana hawezi kumleta hata mwalimu mmoja wa hisabati katika shule ya sekondari, wala waziri wa Nairobi haajiri mwalimu wa chekechea wa Ramisi. Ukilijua hilo peke yake, umeokoa nauli nyingi.

Mgawanyo huu una historia, na ni historia inayotugusa sisi watu wa pwani. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliyapa majimbo sauti kubwa katika mambo ya elimu. KADU ya Ronald Ngala ilipigania jambo hilo, na vijana wa leo wanaodhani ugatuzi ni mawazo mapya wangefaa kulikumbuka jina lake. Chama hicho kilijivunja Novemba 1964 na majimbo yakafa nacho. Hata hivyo mabaraza ya kaunti yaliendelea kuendesha shule za msingi mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1969, na kuanzia Januari 1970 elimu ya msingi, afya na barabara zikachukuliwa na serikali kuu. Tangu siku hiyo mzazi wa Msambweni amekuwa mwombaji katika shule aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Aliitwa kwenye harambee, akatoa kuku, akatoa mawe, akatoa kibarua, lakini hakuitwa fedha zilipohesabiwa. Mwaka 1988 ikaja sera ya kugawana gharama, na miaka ya tisini tuliona watoto wakiacha shule kwa ajili ya ada za majengo na za madawati. Wengi waliodai vyama vingi katika kaunti hii walisukumwa na mambo ya namna hiyo zaidi ya nadharia yoyote ya siasa.

Sasa fedha. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003, mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka, baadaye ukapandishwa hadi 1,420. Gawanyeni kwa mihula mitatu: hazifiki shilingi 475 kwa muhula, nazo ndizo za vitabu, chaki, matengenezo, maji na mlinzi. Shule changa za sekondari ya chini zilizoanza Januari 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi zilipangiwa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi, na sekondari za kutwa 22,244 tangu mwaka 2018. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw. John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba kinachofika hasa ni karibu shilingi 16,900. Chukueni shule ya kutwa yenye wanafunzi 400. Upungufu wa shilingi 5,344 kwa kila mmoja ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Mwalimu mkuu atazitoa wapi? Atazitoa kwenu, kwa jina la chakula, la mitihani ya majaribio, la motisha ya walimu. Simtetei, lakini msimchukie kabla hamjajua kwamba yeye naye amedhulumiwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza karo ya masomo katika shule za umma. Inaruhusu michango mingine ikiwa Waziri ameiidhinisha kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata hapo inasema kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kushindwa kuilipa. Tena hairuhusu mtu yeyote kupokea mchango bila kutoa stakabadhi rasmi. Niliwahi kujiwa ofisini na mama mmoja mchuuzi wa samaki ambaye binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani wiki ya tatu kwa sababu ya mchango wa aina hiyo. Shule sitaitaja. Nilimwomba stakabadhi za alizokwisha kulipa, akanionyesha karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu, haina muhuri. Tuliandika barua ya nusu ukurasa iliyotaja kifungu hicho tu. Hatukufika mahakamani, na Jumatatu yule mtoto alikuwa darasani. Ninachosikitikia ni kwamba wazazi wenzake, ambao watoto wao walirudishwa vilevile, waliendelea kukopa.

Kuhusu basari nitasema kidogo, ijapokuwa najua ni jambo linalopendwa. Kaunti yetu, tangu utawala wa Gavana Salim Mvurya ulioanza mwaka 2013, na baadaye chini ya Gavana Fatuma Achani aliyechaguliwa mwaka 2022, imejulikana kwa mpango wa Elimu ni Sasa, ambao umewasomesha vijana wetu katika shule kubwa na vyuo vikuu. Wapo madaktari na wahandisi waliotokana nao, na sitaudharau. Lakini kisheria kaunti inalipia hapo kazi ya serikali ya taifa. Mapema mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, alitaka kwanza pawe na mapatano rasmi kati ya serikali hizo mbili, kama Kifungu cha 187 kinavyoelekeza. Magavana walikwenda mahakamani na agizo lake likasimamishwa kwa muda. Watu wengi walimlaumu. Mimi naona swali lake lilikuwa halali, hata kama wakati wake uliwaumiza wanafunzi. Kila shilingi ya kaunti inayolipia sekondari ni shilingi isiyomlipa mwalimu wa chekechea, na chekechea haina mlipaji mwingine. Basari nayo ina ladha ya siasa: hutolewa hadharani, mbele ya kamera, na mpokeaji hushukuru. Hakuna mzazi aliyewahi kupiga vigelegele kwa sababu mshahara wa mwalimu wa watoto wa miaka minne umefika kwa wakati.

Ni vivyo hivyo kwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Madarasa mengi mapya mnayoyaona kutoka Tiwi hadi Lunga Lunga yametokana nao. Hata hivyo Mahakama ya Juu, Agosti 2022, ilibatilisha sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua vivyo hivyo juu ya sheria iliyoifuata ya mwaka 2015, shauri likaendelea kwa njia ya rufaa. Hoja ya majaji ni ile ile tuliyoilalamikia zamani: mtu anayetunga sheria na kuikagua serikali hapaswi yeye mwenyewe kugawa fedha za miradi.

Lipo pia suala la madini. Mchanga wa titani ulichimbwa Maumba na Nguluku na kupakiwa melini Likoni tangu mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii ya mahali asilimia 10. Malipo hayo yalicheleweshwa miaka na miaka. Kizazi kizima cha watoto kilianza na kumaliza shule ya msingi milori ikipita mlangoni. Nawasihi wanaharakati wa Msambweni na Lunga Lunga wasiliache deni hili lizikwe pamoja na mashimo.

Mtaniuliza juu ya matokeo. Kwa miaka 39, kuanzia 1985 hadi 2023, tulipima shule kwa KCPE, na kila Disemba tulihesabu nani amekwenda shule ya kitaifa. Kipimo kile kilitwambia habari za wachache waliofaulu, kikatuficha waliobaki. Tafiti za Uwezo, ambazo huwapima watoto majumbani, zimeonyesha mara kwa mara tangu zianze kwamba nchini Kenya watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtaala mpya umeleta gredi ya 10, ambayo kundi lake la kwanza liliingia Januari 2026, lakini jina jipya la darasa halimfundishi mtoto kusoma. Jaribuni leo jioni: mpeni mtoto wenu kitabu cha darasa lililo chini yake, asome kwa sauti. Kule Kinango mtaambiwa njaa na umbali wa maji, na ni kweli. Hapa Diani mtaambiwa bodaboda, ufuo na disko za matangani, na ni kweli pia, ingawa mimi nashuku tunazitaja disko hizo kwa bidii zaidi kwa sababu ni rahisi kumlaumu kijana kuliko kumwuliza mkubwa.

Tufanye nini basi? Kila shule ya umma ina bodi ya usimamizi, na sheria, katika kifungu cha 56, imeweka humo wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi na watatu wa mdhamini. Ninyi waumini mna shule nyingi zenye jina la kanisa ubaoni. Ni nani wale watatu wenu? Walichaguliwa na nani, na waliripoti lini kanisani? Nimekutana na wazee waliokaa kwenye bodi miaka sita bila kuona taarifa ya benki ya shule. Walikuwa wakiombwa kufungua kikao kwa sala na kukifunga kwa sala. Bodi ndiyo hupitisha bajeti, na mjumbe asiyeomba kuona hesabu amekwisha kuidhinisha kila kilichomo.

Jambo jingine ni ardhi. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa watu binafsi, vya shule vikiwamo. Katika pwani hii, ambako kiwanja kikikaribia bahari bei yake hupanda kila mwaka, shule isiyo na hati miliki iko hatarini hata ikiwa na ua mzuri. Ulizeni hati iko wapi na imeandikwa jina la nani.

Kwa haya yote mna chombo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Isipojibu, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko. Si lazima muwe na wakili wala mtumie Kiingereza.

Nimeandaa barua tatu za mfano: moja ya kuomba hesabu za shule, moja ya kuomba nakala ya hati ya kiwanja, na moja kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani. Nakala ziko kwenye meza karibu na mlango. Jazeni jina la shule, wekeni tarehe, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa akina mama waanze.