Breki Ikiwa Laini, Usiongeze Mafuta Tu

(Mazungumzo ya fundi wa magari kwa madereva, makanga na vijana wanaojifunza ufundi, katika ukumbi wa kanisa, Kawangware.)

Nimeombwa niseme juu ya breki laini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maanake ndilo lililonifundisha.

Kulikuwa na pikapu moja ya zamani iliyobeba akina mama wa mboga alfajiri, kutoka Kibera na hapa Kawangware, kwenda Marigiti. Kila asubuhi dereva alinipitia: "Fundi, breki imeshuka kidogo." Nami nafungua kifuniko, namimina mafuta ya breki, namwambia aende. Siku ya nne, kwenye mteremko wa Valley Road, pedali ikaingia mpaka chini. Dereva alirudisha gia, akavuta handibreki, akaipandisha gari kwenye ukingo wa barabara. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alivunjika mkono, na kibanda chake kilifungwa miezi miwili. Nilikipita kila siku nikienda kazini.

Sasa sikilizeni. Mafuta ya breki si kama petroli, ati yanatumika na kuisha. Yakishuka polepole kwa miezi mingi, huenda ni laining zinazolika. Yakishuka kila siku, yanavuja, basi. Katika ile pikapu raba ya silinda ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekatika. Mafuta yalikuwa yakimwagika ndani ya dramu, na chini ya gari huoni tone. Ningefungua gurudumu siku ya kwanza ningeyaona.

Kabla ya kushika spana, uliza pedali yenyewe. Zima injini, kanyaga mara tano au sita kumaliza nguvu ya busta, halafu kanyaga na ushikilie, ukihesabu mpaka 30 bila haraka. Mguu ukizama polepole kama uko kwenye tope, mafuta yanapotea mahali. Angalia magurudumu upande wa ndani, angalia paipu za mpira, angalia chini ya pedali. Ukikuta pote ni pakavu, shuku raba za ndani ya masta silinda. Hizo zinapitisha mafuta bila kutoa hata tone nje. Lakini kama pedali inadunda kama godoro la sponji, mna upepo ndani. Na kama mara ya kwanza iko chini, ya pili inapanda na kuwa ngumu, mara nyingi viatu vya breki viko mbali na dramu, vinataka kurekebishwa tu.

Dereva ataniambia, "Mimi huipampu, inashika." Je, mtoto akikatiza barabara pale Olympic, utapata nafasi ya kupampu mara tatu?

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati ndogo, anaifunga kabla mguu haujaachiliwa. Anza na gurudumu lililo mbali na masta. Kwa magari yetu mengi ni la nyuma kushoto. Usiache chupa ya juu ikauke, utaanza upya. Na yale yaliyotoka usiyarudishe, hata kama pesa ni kidogo.

Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Ndiyo sababu breki nzuri stejini inakuwa laini ukifika chini ya mteremko. Kwa hivyo usinunue mafuta yaliyopimwa kwenye chupa ya soda. Na ile tabia ya kuweka oili ya injini au maji ya sabuni, wacheni kabisa: oili hufurisha raba, maji huleta kutu.

Tena, vijana, msipulize vumbi la dramu kwa mdomo. Laining nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Tumieni kitambaa kibichi.

Kanga mmoja ameniuliza: na mwenye gari akisema lazima itoke leo? Swali zuri. Tangu 2004 tumezoea askari kuangalia mikanda na kidhibiti mwendo; pedali haikanyagi. Siku hizi mimi naandika kwenye daftari, "Gari hii haina breki," na tarehe, namwomba mwenyewe atie sahihi. Wawili walikataa wakapeleka gari kwingine. Mmoja alirudi wiki iliyofuata, akivutwa kwa kamba.